Ndege si matatu yenye mabawa

Chopa ya mwanasiasa ikitua Roret, huku Kericho, masomo yamekwisha kwa siku hiyo, mwalimu apende asipende. Wachumaji wa chai hushuka kutoka mashambani na vikapu vikiwa mgongoni. Chopa ikishaondoka, vumbi linatua na mjadala unaanza: kitu kizito namna ile hukaaje juu? Majibu hutolewa kwa uhakika wa ajabu, hasa na watu ambao hawajawahi hata kusimama kwenye ua wa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Nimeyasikia kwenye vituo vya kuuzia majani chai, kwenye magari ya Litein, na mengine, kwa bahati mbaya, madarasani. Karibu yote yana mzizi mmoja: msemaji anaiwazia ndege kuwa gari lenye injini kubwa na dereva jasiri.

"Injini ikizima, ndege inaanguka kama jiwe." Hili ndilo la kwanza kila mahali. Injini haibebi ndege. Kazi yake ni kuipa mwendo, na mabawa ndiyo yanayobeba mradi hewa inapita juu na chini yake. Injini ikinyamaza, rubani hushusha pua kidogo, na kile kimo alichokuwa amekipanda kinamlipa kwa kasi. Cessna 172, ndege ambayo wanafunzi wengi wa urubani huanza nayo, husonga mbele takriban kilomita tisa kwa kila kilomita moja inayoshuka. Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi ilitekwa nyara ikaishiwa mafuta karibu na Komoro. Injini zote mbili zilizima. Kapteni Leul Abate aliiteremsha hadi baharini kando ya ufuo huku mtekaji akimsumbua kwenye usukani, na watu 50 kati ya 175 waliokuwemo walipona. Miaka 60 kabla yake, Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, upande wa pili wa Mau kutoka kwetu, alizimikiwa na injini baada ya kuvuka Atlantiki peke yake. Ndege ilitumbukiza pua kwenye kinamasi cha Nova Scotia, naye akatoka hai. Hata chopa yenyewe ina njia yake: ikishuka bila injini, hewa inayopanda kutoka chini huendelea kuyazungusha mapanga, na rubani aliyefanya mazoezi huitua.

La pili halitoki sokoni, linatoka vitabuni, na ndiyo maana linaniudhi zaidi. Eti hewa ya juu ya bawa ina njia ndefu, kwa hiyo inakimbia ili iwahi kukutana na mwenzake wa chini. Iwahi kwa nini? Hakuna kanuni ya maumbile inayozidai chembe mbili za hewa zilizoachana mbele ya bawa zikutane tena nyuma yake. Mwaka 2003 Holger Babinsky wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwa picha za moshi kwamba hewa ya juu hufika nyuma mapema na kuiacha ile ya chini. Kweli huenda kasi, na kweli shinikizo lake hupungua; uongo uko kwenye sababu. Tena kama umbo la mgongo wa bawa ndilo lingekuwa kila kitu, ndege za maonyesho zisingeweza kuruka zikiwa chali. Bawa hukutana na hewa kwa pembe fulani, huipinda kwenda chini, nayo hewa hulisukuma bawa kwenda juu. Mwanafunzi aliyeishika habari ya pembe hiyo ameshika nusu ya urubani.

Pembe hiyo ndiyo inayovunja dai la tatu: "Ukitaka kupanda, vuta usukani." Kuvuta kunaongeza pembe, na mwanzoni ndege hupanda kweli. Ikifika kiasi cha nyuzi 15, hewa haiwezi tena kuufuata mgongo wa bawa. Inaachana nalo, bawa linakataa kubeba, na kadiri unavyozidi kuvuta ndivyo unavyozidi kushuka, injini ikinguruma vilevile. Tarehe 1 Juni 2009 Airbus A330 ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipotezewa vipimo vya kasi na barafu. Rubani msaidizi alivuta na karibu muda wote akaendelea kuvuta. Kutoka kimo cha zaidi ya mita 11,000 walifika baharini kwa takriban dakika tatu na nusu, injini zikifanya kazi. Watu wote 228 walikufa. Wolfgang Langewiesche alikuwa ameshalieleza jambo hili mwaka 1944 katika kitabu chake Stick and Rudder, na sijui cha zamani kinachofaa zaidi kwa anayeanza: dawa ya bawa lililogoma ni kusukuma usukani mbele, hata kama macho yanaona ardhi inakuja na mwili mzima unapiga kelele uvute. Ujasiri wa dereva wa gari hausaidii hapo.

(Na hapana, ndege haikati kona kwa kanyagio za mkiani. Huinamisha mabawa, na mabawa yenyewe huivuta pembeni.)

Sasa dai la kwetu kabisa: "Huku kuna baridi na hewa safi, ndege inapaa vizuri kuliko Mombasa." Mtu wa chai husema hivyo kwa fahari, na ningependa awe sahihi. Kericho iko kwenye kimo cha kama mita 2,000. Hewa hapo ni pungufu karibu asilimia 18 kuliko ya usawa wa bahari. Mchana ukifika nyuzi 25 za joto, hewa inatanuka zaidi, na kwa hesabu ya ndege ni kana kwamba kiwanja kimepandishwa hadi karibu mita 2,800. Mambo matatu yanamwangukia rubani kwa pamoja. Injini ya kawaida isiyo na mashine ya kuisukumia hewa imepoteza kiasi cha robo ya nguvu zake. Panga la mbele lina hewa kidogo ya kushika. Na mabawa, ili yapate mzigo uleule wa hewa, yanataka ndege ikimbie ardhini kwa kasi kubwa zaidi kwa karibu asilimia 15, ilhali mshale wa kipimo cha kasi unasoma namba ileile ya Mombasa, maana nao unapimwa na hiyohiyo hewa nyepesi. Rubani wa pwani akija kwenye kiwanja cha Kerenga, katikati ya chai, anaona ardhi inampita mbio, anadhani ana kasi ya kutosha, anavuta mapema. Tumeshaona kuvuta kunafanya nini. Anayejua kuruka vizuri hutoa kalamu kabla ya kuwasha injini: anapima uzito, anasoma jedwali la ndege yake, na ikibidi anamwacha abiria mmoja au anasubiri asubuhi ya kesho. Abiria anayeachwa hukasirika.

Asubuhi ina faida nyingine, nayo inanifikisha kwa wazee wanaokumbuka ndege za kampuni za chai. "Zile zilikuwa zinaingia ndani ya wingu la mvua ya mawe zinalipasua, kwa hiyo ndege haiogopi wingu." Ndege zilikuwepo, hilo si hadithi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 Mmarekani Thomas Henderson na marubani wake walipambana na mvua ya mawe hapa Kericho kwa kuchoma kemikali ya fedha na madini joto. Lakini kazi yao ilikuwa chini ya wingu, mahali hewa inapopanda, ili moshi unyonywe juu. Kukaa nje ya wingu ndiyo ilikuwa akili ya kazi yenyewe. Vitabu vya hali ya hewa vimeitaja Kericho kwa siku 132 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja, na sababu kila mkulima anaiona: upepo wa Ziwa Victoria unapanda mchana, unakutana na ule wa mashariki juu ya nyanda zetu, na kufikia alasiri mawingu yamesimama kama minara. Hewa ndani yake hupanda na kushuka kwa nguvu kuliko uwezo wa ndege ndogo kupanda.

Linalofuata ni zito, nami nalishika kwa adabu. Tarehe 10 Juni 2008 Cessna 210 iliyotoka Nairobi kuja Kericho ilianguka Enoosupukia, Narok, ikawaua Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet, Lorna Laboso, mbunge wa Sotik, na wengine wawili. Tangu hapo, ndege ya kiongozi ikianguka popote, utasikia: "Rubani mzoefu hawezi kugonga mlima bila mkono wa mtu." Sitamki chanzo cha siku ile. Najibu hilo neno "hawezi", kwa sababu anaweza, na kwa urahisi. Sikio la ndani linalotupa mizani hudanganyika ndani ya wingu: bawa likiinama polepole, halisikii lolote. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vipimo pekee. Wote walishindwa kuitawala ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178.

Wala kompyuta haifuti jambo hili, kama vijana wanavyodai. Kenya Airways 507 iliondoka Douala usiku wa manane, 5 Mei 2007, kukiwa giza na mvua. Kapteni alitamka kwamba mtambo wa kujiendesha umeshika. Haukuwa umewashwa. Boeing 737 mpya ikainama kulia taratibu bila yeyote kati ya marubani wawili kuangalia kipimo, na walipogutuka mkanganyiko ukawashinda. Watu 114 walikufa. Wachunguzi wa Cameroon waliandika kwamba marubani walipotewa na mwelekeo. Kompyuta hufanya ilichoambiwa, na lazima pawepo mtu anayethibitisha kwamba imeambiwa.

"Urubani ni wa watoto wa matajiri," husema mzazi, na hapa siwezi kubisha sana. Viwango vya kimataifa vinataka saa 40 hewani kwa leseni ya binafsi na 200 kwa ya biashara, 150 ukisoma kwenye mpango kamili wa chuo, na kila saa inachoma mafuta ya kulipiwa. Bonasi ya chai haifiki huko. Lakini kwa kijana wa Roret mwenye nia, gharama ya kwanza si ada ya chuo. Aende kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, apimwe macho, uwezo wa kutambua rangi, masikio na moyo kwa cheti cha daraja la kwanza, kabla baba hajauza ng'ombe hata mmoja. Wapo waliolipa chuo mwanzo wakapimwa mwisho.