Masuali ya Wasomaji: Sahani Zilizovunjika Njiani

Mama mmoja wa Mombasa ametuletea suali ambalo twadhani linasumbua nyumba nyingi siku hizi. Aliona katika simu picha ya seti ya vyombo, sahani kumi na mbili na vikombe sita, kwa mfanyabiashara wa Nairobi. Wakapatana bei, akapeleka fedha kwa M-Pesa, na mzigo ukaja kwa basi. Alipoufungua alikuta sahani tatu zimevunjika vipande vipande, na kikombe kimoja kina ufa. Muuzaji asema mali ikishauzwa hairudishwi. Watu wa basi wasema mzigo husafiri kwa dhamana ya mwenyewe. Mume asema ni kadari, tusahau. Na kijana wake amemwambia: "Mwambie vimevunjika vyote, mama, urudishiwe fedha zote. Yeye yuko Nairobi, ataona wapi?" Mwisho wa barua ameongeza, kama jambo dogo, kwamba sahani zilizosalimika wamekwisha kulia wageni siku ya Ijumaa.

Jambo hilo si dogo, na tutalirudia.

Kwanza neno la muuzaji. Maneno hayo twayaona yamebandikwa katika maduka mengi, na sasa yamehamia katika simu, hata watu wakadhani ndiyo sheria. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijriya (1277), ameeleza katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa pwani yetu wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, kwamba muuzaji akishurutisha kuwa hana jukumu la aibu yo yote ya kitu, kauli yenye nguvu ni kuwa sharti hilo humwokoa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, wala si kwa jingine. Mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, na maradhi yake yaweza kumpita mwenyewe. Sahani si mnyama. Basi kibandiko hicho hakiondoi haki ya mnunuzi. Na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, nayo imempa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha.

Wauzaji wa simu wakumbuke pia habari iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikagusa majimaji. Mwenye mali akasema limenyeshewa na mvua. Akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Kisha akamkana mwenye kughushi kuwa si katika wao. Mnunuzi wa zamani aliweza kutia mkono wake. Wa leo ana picha tu, na picha ni juu ya rundo peke yake.

Lakini katika suali hili hatuna ushahidi kwamba muuzaji alighushi. Yamkini vyombo vilitoka kwake vizima. Hapa ndipo pa kuuliza: basi lilikuwa la nani? Katika madhehebu yetu ya Shafi, kitu kilichouzwa huwa katika dhamana ya muuzaji mpaka mnunuzi akipokee. Ikiwa muuzaji ndiye aliyechagua basi na kuupeleka mzigo, ulikuwa bado juu yake ulipokuwa njiani. Ama ikiwa mama ndiye aliyesema, "Mpe dereva fulani, ni mtu wangu," basi dereva yule ni wakili wake. Alipopokea yeye, amepokea mama, na kilichovunjika baadaye kimevunjika kwake. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, huanza upande mwingine: huhesabu mzigo uliokabidhiwa msafirishaji kuwa kwa kawaida umekwisha kukabidhiwa mnunuzi, hata kama msafirishaji hakuchaguliwa naye. Kwa hiyo anayeagiza apatane kwa maandishi, kabla ya kutuma hata senti moja, ni nani atakayebeba hasara ya njiani. Ujumbe mmoja wa simu watosha.

Sasa ile karamu ya Ijumaa. Mwenye kuona aibu katika kitu alichonunua hupaswa kukirudisha upesi kwa mujibu wa desturi. Akiijua naye yumo katika sala au chakula, amalize. Akiijua usiku, angoje asubuhi. Wala asikitumie. Akikitumia hali ameijua aibu, ni kama amesema nimeridhika. Mama huyu hawezi tena kuirudisha seti yote kwa ajili ya kikombe chenye ufa. Wala asingeweza kurudisha kikombe peke yake na kubaki na vingine, illa muuzaji aridhie, maana vilinunuliwa kwa biashara moja.

Ama sahani tatu zina hukumu nyingine, kwani hizo hazina aibu; hazipo. Baadhi ya vilivyouzwa vikiharibika kabla ya kupokewa, biashara ya hivyo huvunjika, na mnunuzi huchagua: arudishe vilivyobaki au avichukue kwa sehemu ya bei yake. Kwa kulia wageni amekwisha kuchagua. Basi ikiwa basi lilikuwa la muuzaji, thamani ya sahani tatu ni haki yake. Mume akipenda kusamehe, na asamehe vilivyo vyake. Hivi ni vya mkewe.

Na wewe kijana, sahani tatu usizifanye kumi na mbili. Fedha za sahani tisa zilizo kabatini zingekuwa mali ya mtu iliyoingia nyumbani kwenu kwa uwongo, na mama yako angeipakua kila siku. Ukitaka kuwatahadharisha watu juu ya muuzaji, kusema dhuluma na kuonya wengine ni katika mambo ambayo wanavyuoni wameyatoa katika kusengenya, maadamu husemi zaidi ya yaliyotokea.

Leo hii mpigie mama picha ya vipande na ya sanduku, mwandikie muuzaji tarehe, ujumbe wa M-Pesa na hesabu ya sahani tatu. Akijibu kwamba atatuma nyingine tatu badala ya fedha, pokeeni, na safari hii fungueni sanduku mbele ya aliyelileta. Kikombe chenye ufa msikitaje katika madai.