Saratani: Na Sisi Tuhesabiwe

Kisauni watu 291,930. Likoni 250,358. Changamwe 131,882. Hiyo ni sensa ya 2019, hadi kichwa cha mwisho. Sasa niambie, kati ya hao wote, wangapi waligunduliwa na saratani mwaka jana? Na saratani gani?

Ndio hapo.

Tunachojua ni magrupu ya mchango tu. Changamwe tunalaumu moshi wa viwanda, Kisauni tunalaumu muguka, Likoni hukosi wa kukwambia mgonjwa karogwa. Lakini maneno matupu hayamtishi mwenye bajeti. Wakazi wa Owino Uhuru waliposhtaki kwa sumu ya madini ya risasi, walienda kortini na vipimo vya damu. Mwaka 2020 wakapewa shilingi bilioni 1.3, wakazipigania hadi Mahakama ya Juu. Vipimo vilisema.

Ninachodai ni daftari la saratani la Mombasa nzima, linalohesabu wakazi, si wagonjwa wa hospitali moja. Tofauti ni kubwa. Mama wa Mtongwe anaanza zahanati, anavuka feri hadi Makadara, sampuli inaenda maabara ya kibinafsi, matibabu anamalizia Nairobi. Kila mahali ana faili. Kila mmoja akihesabu kivyake, huyo ni watu wanne, au keshakuwa wa Nairobi. Daftari lina watu wanaozunguka hospitali, maabara na rekodi za vifo, wakaunganisha yote: mtu mmoja, umri wake, mtaa wake, saratani yake, tarehe iliyogunduliwa.

Si ndoto. Kampala wanalo tangu miaka ya 1950, Eldoret 1999, Nairobi 2001. Ndio maana makadirio ya Kenya nzima yameegemea Nairobi na Eldoret. Yaani Pwani tunakisiwa kwa watu wa bara, ambao hawapumui hewa yetu wala hawali tunachokula.

Utasema, pesa hizo si zinunue dawa? Sawa, dawa za saratani gani, za watu wangapi, zipelekwe wapi? Bila hesabu unanunua kwa kubahatisha.

Halafu kuna hili. Oktoba 2019 chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilizinduliwa hapa hapa Mombasa kwa wasichana wa miaka 10. Wale wasichana leo ni nyinyi mnaonisoma. Kujua kama imewakinga kutachukua miaka mingi, na kunahitaji hesabu ya kabla na ya baada. Ya kabla ndiyo hii ya sasa. Ikipita haihesabiki tena.

Kwa hivyo 2027 mtu akija mtaani kuomba kura, usimuulize tisheti. Muulize daftari. Na ukijaza fomu ya mgonjwa hospitalini, usiandike "Mombasa" halafu basi. Andika Mtongwe. Andika Mishomoroni. Andika Chaani.