Mwanamke Asiye na Ndoo Kichwani

Kiswahili hakimtofautishi mwanamume na mwanamke katika viambishi vyake. Mhenga aliposema kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu, hakueleza kama mgaagaa huyo kavaa kanzu au kavaa buibui. Aliposema kwamba mtembea bure si mkaa bure, hakuweka sharti kuwa mtembea huyo awe na ndevu. Lugha iliacha nafasi wazi. Wasemaji wake ndio walioijaza. Mwanamume akizunguka nchi huitwa msafiri, mtembezi, mjuzi wa mambo. Mwanamke akifanya hayohayo huitwa kiguu na njia. Miguu ni ileile na vumbi ni lilelile. Kilichobadilika ni jina, na jina hilo limewafungia wanawake wengi zaidi kuliko komeo la mlango.

Hata hivyo, iko hali moja ambamo mwanamke hutoka nyumbani kabla ya alfajiri, akashuka mabonde na kupanda magenge, akarudi jua limeshachomoza, wala pasiwe na mtu wa kumwita kiguu na njia. Sharti lake ni kwamba awe na mzigo kichwani. Mwenye ndoo haulizwi aendako. Mwenye mikono mitupu huulizwa na mume, na kaka, na jirani, na hata mtoto aliyemzaa mwenyewe. Mzigo ndio umekuwa cheti chake cha kusafiria. Jamii iliyozoea mambo haya haina haki ya kujisifu kuwa inauenzi ushujaa wa mwanamke. Inachoenzi ni utumishi wake tu.

Ukweli huu hauonekani mahali wazi zaidi kuliko Newala. Mji huo umekaa ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, upande wa machweo. Mbele yake ardhi huporomoka ghafla kuelekea bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Pahala hapo pa kutazamia bonde huitwa Shimo la Mungu, na aliyewahi kusimama pale hahitaji kuelezwa sababu ya jina. Uwanda wenyewe ni wa mchanga. Mvua ikinyesha hunywewa na ardhi, isiache kijito wala dimbwi la kudumu. Chemchemi hutokea chini kabisa, miguuni mwa magenge. Aliye juu ana upepo na mihogo na mikorosho. Maji yako bondeni.

Mwaka 1906 alifika huko Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, akapita Masasi na Newala akiandika mila za watu. Miongoni mwa aliyoyaandika imo hadithi ya asili ya Wamakonde. Kulikuwa na kiumbe mmoja aliyekaa peke yake porini. Siku moja akachonga kinyago cha mti, akakisimamisha, na asubuhi kikawa mwanamke hai. Wakashuka mtoni, mwanamke akazaa mtoto mfu. Wakahamia bonde jingine, akazaa tena mtoto mfu. Wakapanda nyanda za juu, kwenye vichaka vya Mahuta, na huko mtoto akaishi. Basi yule mzee wa kwanza akawausia wanawe wasikae mabondeni wala karibu na maji makubwa, kwa kuwa ndiko yaliko maradhi na mauti. Nyumba zao ziwe mbali na maji, umbali wa mwendo wa saa nzima.

Wasia huo ulikuwa na hekima yake. Mabonde yalikuwa na mbu na homa, na zama za vita na utekaji watu vichaka vya juu vilikuwa ngome. Lakini msomaji na auangalie kwa makini. Saa ile iliwekwa na baba. Aliyeilipa ni mama. Aliilipa kila siku, kwa shingo na magoti, na mabinti zake wakairithi kama wanavyorithi wengine shamba. Tena wasia wenyewe ulitokana na mateso yake, kwani waliokufa ni watoto aliowazaa yeye.

Hapa ndipo washairi wanapopaswa kuulizwa. Ni beti ngapi zimetungwa, bara na visiwani, kumsifu mama mwenye mtungi, shingo yake iliyonyooka, mwendo wake wa maringo, subira yake isiyokwisha? Sifa hizo zina vina na mizani, lakini hazina huruma. Mtunzi amekaa kivulini akitazama mzigo wa mwenzake, kisha akauita pambo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliunda Shirika la Maji la Makonde, ikafungwa mitambo ya kuyasukuma maji kutoka mabondeni hadi juu ya uwanda. Kuanzia miaka ya 1970 Wafini nao waliingia katika kazi ya maji ya mikoa ya Mtwara na Lindi. Mashine zilisukuma maji, zikaharibika, zikatengenezwa, zikaharibika tena. Na kila zilipozimika, waliorudi njiani ni walewale. Hakuna utenzi uliowahi kupandisha debe moja la maji kutoka bondeni. Anayemsifu mwanamke kwa kustahimili ukosefu wa bomba, bila ya kudai bomba, huyo anausifu ukosefu wenyewe.

Kwa hiyo na isemwe bayana: kuteka maji bondeni si matembezi ya ujasiri. Ni kazi ya lazima. Ujasiri umo ndani yake, haukosi, kama vile ulivyokosa kukosekana popote mwanadamu alipolazimishwa. Lakini hauwezi kuwa ndio sababu ya kuiacha lazima hiyo iendelee. Kinachomjenga mtu si ugumu wa njia peke yake. Ni ugumu wa njia aliyoichagua, akijua kwamba angeweza kubaki nyumbani na asibaki.

Masasi ina ushahidi wa jambo hili, na ushahidi huo unakihusu kisiwa cha Unguja moja kwa moja. Kwa miaka mingi watu wa kusini na wa Nyasa walipitishwa katika nchi hizo wakiwa wamefungwa minyororo, wakafikishwa Kilwa, na kutoka Kilwa wakaletwa soko la Unguja. Wanawake walikuwamo, na wengine walibeba watoto mgongoni na pembe za ndovu kichwani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, wa misheni ya Waingereza, aliondoka Unguja na kundi la watu waliokwisha kuachwa huru, wanaume kwa wanawake. Walipitia Lindi, wakaingia bara kwa miguu, wakajenga makazi chini ya milima ya mawe ya Masasi. Mguu uliowaleta pwani ulikuwa wa mateka. Mguu uliowarudisha ulikuwa wa mtu mwenye jina lake. Uhuru wao ulikuwa na mipaka, kwa kuwa misheni ndiyo iliyoshika usukani, na mwaka 1882 Wangoni walivamia Masasi wakateka baadhi yao upya. Lakini nani atathubutu kusema kwamba safari ya kwenda pwani na safari ya kurudi zilikuwa jambo moja, ati kwa sababu jua lilikuwa lilelile?

Karne moja baadaye, au karibu yake, nchi hizohizo zilishuhudia wanawake wakiugeuza mzigo kuwa hoja. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma walikuwa mstari wa mbele. Wanawake walitakiwa wafanye kile walichokuwa wakikifanya siku zote, yaani kubeba. Walibeba chakula na risasi kichwani, siku kwa siku, katika misitu ya Cabo Delgado. Kisha wakauliza: ikiwa kichwa cha mwanamke kinaweza kubeba risasi, kwa nini mikono yake isibebe bunduki? Mwaka 1967 kundi la kwanza la wanawake wa FRELIMO lilipata mafunzo ya kijeshi katika kambi ya Nachingwea, jirani na Masasi. Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1971, alikuwa mmoja wao. Wapo wanaume, hata miongoni mwa wapigania uhuru, waliolipinga jambo hilo kwa jina la mila. Mila haikuwapinga walipokuwa wakibeba. Iliamka usingizini walipoutua mzigo.

Watasema wenye kulinda heshima kwamba porini si mahali pa mwanamke. Hawakusema hivyo alipotumwa kuni. Watasema kwamba njiani mna hatari. Hatari hiyo haimchagui asiye na ndoo ikamwacha mwenye ndoo. Na kama njia si salama, wajibu wa wazee wa mji ni kuisalimisha njia, si kumfungia mpita njia. Watasema kwamba dini haitaki. Basi na waikumbuke hija. Bi Hajar alikimbia jangwani mara saba baina ya Safa na Marwa akimtafutia mwanawe maji, na hadi leo kila haji, awe mfalme au mvuvi, hufuata nyayo zake. Nguzo moja ya Uislamu imebeba ndani yake mbio za mwanamke mmoja mahali pasipo na nyumba wala mlinzi. Na mwisho wa mbio zile ulikuwa maji kububujika. Hakuachwa akimbie daima ili wengine wapate kumsifu.

Watakimbilia kwenye unyago, waseme kwamba mila za kusini tayari zinamfunza msichana ujasiri, tena porini. Ni kweli kwamba unyago ni shule, na wanaoudharau hawaujui. Ngoma yake ilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa, ikaota mizizi Unguja, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliibeba mpaka majukwaa ya Ulaya. Lakini uzito wa somo lake umekuwa kustahimili: stahimili uzazi, stahimili ndoa, stahimili kazi. Kustahimili ni nusu ya ujasiri. Nusu ya pili ni kuthubutu. Bi Kidude mwenyewe ni hoja dhidi ya wanaomtaja ili kuwatuliza wengine, maana simulizi za maisha yake zimejaa safari, kutoroka na kukataa kukaa alipoambiwa akae.

Kwa upande wa pili wapo wanaodhani ujasiri ni bidhaa ya kigeni, inayouzwa pamoja na viatu vya kupandia milima. Nao wamekosea. Ni kweli kwamba mwanamke wa kwanza kuandikwa kuwa amefika kileleni Kibo ni Mwingereza, Sheila MacDonald, mwaka 1927. Ni kweli pia kwamba biashara ya mlima huo imempa mgeni kilele na mwenyeji mzigo. Lakini mwaka 2016 wanawake wa vijijini kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Arusha kudai haki ya ardhi, na kikundi chao kikaupanda Kilimanjaro kupeleka dai hilo juu. Walikuwa wakulima, watu wa jembe na ndoo. Mwaka 2021 Rawan Dakik, binti wa Tanzania, alifika kilele cha Everest. Mlima hauulizi mtu katoka wapi. Wanaouliza ni majirani.

Wala visiwa visijione vimetakasika. Mwanamke wa Paje au Jambiani huingia baharini mpaka kifuani kwa ajili ya mwani, na hakuna anayemlaumu, kwani ana kamba na gunia. Binti huyohuyo akitaka kujifunza kuogelea, lawama huanza. Huko kaskazini ya Unguja, tangu mwaka 2011, mradi wa Panje umekuwa ukiwafunza wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri, na wapo wazazi waliohitaji kushawishiwa sana. Ajabu ya watu wa bahari! Wanampeleka binti majini akafanye kazi, wanamnyima elimu ya kutozama.

Yanayodaiwa ni mawili, na hayatenganishwi. La kwanza ni bomba. Maji na yapande mpaka kila kijiji cha uwanda, yawe ya uhakika, ili mwendo wa saa ile ya mzee wa Mahuta ubaki kuwa hadithi. La pili ni njia. Ndoo ikishatuliwa, isije ikawa ndiyo kisingizio kipya cha kumwambia mwanamke kwamba sasa hana haja ya kutoka. Shule za Newala na Masasi ziwapeleke wasichana kwenye magenge na kwenye milima ya mawe kama zinavyowapeleka wavulana uwanjani. Wapande, waogope, wateleze, wafike. Wazee wauache ule ulizo wao wa "unakwenda wapi?", au wawaulize na wana wao wa kiume.

Na washairi, kwa kuwa ndio watunza majina, wana kazi yao. Wamchoshe mama mwenye mtungi sifa zao basi, wampe nafasi apumzike. Watunge juu ya mwanamke aliyesimama Shimo la Mungu mikono mitupu, akilitazama bonde alilolishuka mara elfu, na safari hii akalishuka kwa sababu ametaka. Huyo ndiye mgaagaa na upwa wa nchi kavu. Aliyemwita kiguu na njia hakukosea sana: miguu anayo, na njia ni yake.