Nyoka Hajali Kizimba Kinavyopendeza

Wasee, tuongee ukweli. Siku hizi video za wafugaji wa nyoka zinaonyesha vizimba vimepambwa kama sebule: kapeti ya kijani, mawe meupe, taa za rangi. Kwa kamera ni fiti. Lakini je, nyoka mwenyewe?

Kwangu mimi, kabla ya kuchagua matandiko, jiulize huyu nyoka ametoka wapi. Chukua boa wa mchangani wa kwetu Kenya, anayefugwa sana Marekani na Ulaya. Kazi yake ni kujizika na kuvizia panya. Ukimlaza juu ya kapeti umemnyang'anya nyumba. Mpe mchanga au maranda laini, yawe mengi, azame.

Yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayejikunja kama mpira akiogopa, yeye anataka unyevu. Mtandikie makumbi ya nazi. Pakiwa pakavu sana, anajivua gamba vipande vipande. Pakilowa sana, magamba ya tumbo yanaoza.

Na maranda ya mwerezi? Zii. Ile harufu tamu ni mafuta yanayomuumiza mapafu.

Utasema gazeti ni rahisi. Kweli, na kwa nyoka mgonjwa linafaa, uchafu unaonekana haraka. Ila hawezi kujizika ndani ya gazeti.

Mbwa akiumia atalia. Nyoka atanyamaza tu, na wewe utaendelea kurekodi. Na hapa Kenya, usimguse kabla ya kupata kibali cha KWS. Kama hayo yote ni stress, nenda umtazame Snake Park, Nairobi.