Samaki wa Kizimba Atambulike

Mwezi Januari 2024, mjini Mwanza, Serikali ilianza kuwakabidhi wavuvi na wafugaji wa samaki wa Kanda ya Ziwa boti na vizimba kwa mkopo. Hatua hiyo inastahili pongezi. Lakini fedha za umma zinapogharimia vizimba, hatuna budi kuuliza: nani atagharimia njia ya kumtambua samaki wa kizimba na samaki wa ziwa?

Swali hili si dogo kwa wananchi wa Kiloleli na Ghuba ya Speke kwa jumla. Sheria inakataza kuvua sato asiyetimiza urefu wa sentimita 25. Hata hivyo, wakishafika sokoni, sato mchanga aliyevuliwa ziwani na sato wa kizimba hawatofautiani machoni. Mlanguzi atadai kwamba wote ni wa kufugwa. Na mfugaji mwaminifu atashukiwa bure.

Nchini Marekani, samoni wanaozalishwa vituoni hukatwa pezi dogo la mgongoni, karibu na mkia, kabla ya kuachiwa mtoni. Mvuvi humchukua mwenye alama. Asiye nayo, pale anapolindwa, humrudisha majini angali hai. Tangu 2003, Bunge la nchi hiyo limeagiza kwamba samoni wa kuvuliwa wanaozalishwa kwa fedha za serikali kuu watiwe alama.

Hatusemi tuige kila jambo. Sato hana pezi hilo, na wavu wa kutega humuua samaki kabla mvuvi hajamtazama. Kwetu sisi, kuchagua samaki kunaanzia kwenye tundu la wavu. Kazi ya alama ni mwaloni na sokoni: kila mavuno ya kizimba yatolewe hati, mzigo utiwe lakiri, na vikundi vya BMU viwezeshwe kukagua.

Kazi hiyo ina gharama. Tunashauri gharama hiyo iandikwe katika bajeti ileile ya vizimba na vifaranga, wala isitupwe mabegani mwa mvuvi mwenye mtumbwi mmoja, ambaye tayari analipa leseni na ushuru.

Ziwa ni amana. Ngege, aliyekuwa kitoweo cha wazee wetu, leo ni adimu katika ziwa hili. Serikali iliyogharimia kupanda haina budi kugharimia kulinda, na sisi wananchi hatuna budi kuwafichua wanaovua samaki wachanga.