Mugongo pia ni mali ya kooperative

Ndugu wakulima, katika mikutano yetu tunaongea sana juu ya mbegu, mozaiki ya muhogo na bei. Juu ya mugongo hatuongei, na ni mugongo ndio unabeba yote.

Wamoja wenu wanatuuliza juu ya kiropraktiki, ile kazi ya kunyoosha uti wa mugongo kwa mikono iliyoanzia Marekani mwaka wa 1895. Si uongo. OMS, katika mashauri yake ya Desemba 2023 juu ya maumivu ya kiuno ya muda murefu, inaweka matunzo ya namna hiyo kati ya yale yanayoweza kusaidia, pamoja na mazoezi. Lakini hata kama mutaalamu angekuwa karibu: mama ananyooshwa asubuhi, mangaribi anarudi na kitunga cha kilo 70, kamba kwenye paji la uso. Tumefanya nini? Kwa maoni yetu, dawa ya kwanza ni kupunguza muzigo.

Shirika la Kazi la Kimataifa lilishauri tangu 1967 kwamba mwanaume muzima asibebe kupita kilo 55, na mwanamuke abebe chini sana ya hapo. Linganisheni na magunia ya depo zetu, yale yanajazwa mpaka yanafungiwa na majani juu, ili mununuzi alipe gunia moja tu. Pale mukulima anapoteza bei na kiuno pamoja.

Tuanze na muhogo, maana pale tunabeba maji. Katika kilo 100 za muhogo mubichi, zaidi ya 60 ni maji. Ukimenya, ukaloweka na kuanika karibu na shamba, zinabaki kama 30 za kubeba. Ndiyo, wezi wako, mvua pia iko. Na muhogo muchungu lazima ulowekwe siku tatu ao ine, hapana kufupisha. Kwa hiyo zamu ya kulinda ipangwe na wanachama wote, wababa ndani.

Mupini wa jembe nao uangaliwe. California walikataza jembe la mupini mufupi mwaka wa 1975 juu ya migongo ya wafanyakazi wa mashamba. Kwa kupalilia, mupini murefu unafaa. Kwa udongo mugumu wengine watakataa, na wana haki. Chukudu nayo, mbona inabeba mizigo ya wababa tu?

Vidonge vya diclofenac vya sokoni, kuvimeza kila siku kunaharibu tumbo na figo. Na mutu anayeumwa mugongo pamoja na homa, kukonda ao miguu kulegea, asikandwe na yeyote. Aende kituo cha afya haraka, maana kifua kikuu kinaweza kuingia hata katika uti wa mugongo.

Katika mukutano mukuu ujao tunaomba swali hili liingie kwenye ajenda: gunia la depo liwe kilo ngapi? Sisi tunapendekeza 50, zipimwe kwa mizani mbele ya mwenye kuuza.