Ago Halinyewi: Dhidi ya Fasihi ya Watu Wasiorudi

Tuanze na neno. Huko Marekani kambi za umma ziko za aina mbili. Ya kwanza ina bomba la maji, choo, meza ya mbao na mahali pa kuegesha gari. Ya pili haina chochote kati ya hivyo. Unafika na mzigo wako mgongoni, unatandika turubai, unachemsha chai, unalala. Hii ya pili, hata kwenye vibao vyao rasmi, wanaiita "primitive". Ndilo neno lilelile ambalo mabwana wa kikoloni walilitumia walipokuwa wakieleza majiko ya bibi zetu. Siku hizi limegeuka sifa. Watu wanaingia kwenye bahati nasibu kutafuta kibali cha kwenda kulala hivyo kando ya mto Colorado, katikati ya jangwa, na baadhi yao wakirudi wanaandika vitabu.

Ugomvi wangu ni na hivyo vitabu. Kulala nje sina shida nako. Mchanga wa mtoni baada ya siku ya jua kali ni kitanda kizuri kuliko vingi vya gesti. Shida yangu ni namna usiku huo unavyoandikwa, na namna sisi wasomaji tunavyoumeza bila kutafuna.

Mapishi yake mnayajua. Kuna mwandishi mmoja, mara nyingi mwanaume. Kuna boti, rafiki asiyesema sana, sufuria nyeusi kwa moshi. Kuna kuta za mawe mekundu na nyota nyingi kuliko zinavyohitajika. Kuna neno "ukimya" kila ukurasa wa tatu. Kisha mto unageuka kioo, jamaa anajitazama, na kufika asubuhi ameshaelewa maisha yake. Watu wengine hawapo. Kama wapo, ni magofu yao tu, au michoro yao kwenye mwamba. Wamekufa zamani, kwa hiyo hawasumbui.

Chukua Aldo Leopold, ambaye ni bora kuliko wengi wao. Mwaka 1922 yeye na ndugu yake Carl walichukua mtumbwi wakaingia kwenye delta ya Colorado, upande wa Mexico, pale mto unapokaribia Ghuba ya California. Walilala mchangani, wakala bata bukini na kware, wakamhofia jaguar ambaye hawakumwona hata siku moja. Safari hiyo akaja kuiandika katika insha fupi, "The Green Lagoons", iliyomo kwenye A Sand County Almanac, kitabu kilichotoka 1949, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Ni insha nzuri, na anayebisha hajaisoma. Lakini ina mambo mawili yanayonikera. La kwanza, inashauri kwamba mwenye busara harudi nyikani mara ya pili, maana kurudi kutaichafua kumbukumbu. La pili, inadai kwamba, kwa kadiri walivyoona wao, delta ile ilikuwa kama imesahauliwa tangu Hernando de Alarcón alipofika huko mwaka 1540.

Imesahauliwa na nani? Huyo Alarcón mwenyewe ndiye aliyeeleza kwamba kando ya mto alikuta watu wengi, na wakampa mahindi. Wacucapá, wanaojulikana kama watu wa mto, walikuwapo wakati huo, walikuwapo ndugu wawili walipopita na mtumbwi wao, na wapo leo. Hawakuisahau delta hata kwa siku moja. Isingewezekana. Ilikuwa ndiyo jiko lao.

Na mwaka huohuo wa 1922, mwezi Novemba, wajumbe wa majimbo saba ya Marekani walikaa Santa Fe wakagawana mto. Majimbo ya juu yapewe kama mita za ujazo bilioni 9.25 kwa mwaka, ya chini kiasi hichohicho. Mexico haikuwa mezani. Mataifa ya wenyeji wa asili, ambayo leo 30 yanatambuliwa rasmi katika bonde hilo, hayakuwa mezani. Hata hesabu yenyewe ilitegemea miaka ya mvua nyingi, kwa hiyo waligawana maji kuliko yaliyopo. Mnaona jinsi mambo haya mawili yanavyopatana? Mmoja anaandika kwamba hapa hapana mtu, mwingine anachora mstari kwenye karatasi kama kweli hapana mtu. Sisemi Leopold alishiriki kuchora. Nasema macho yalikuwa yaleyale.

Sasa, Waswahili wana methali ya kambi. Ago halinyewi, huenda ukarejea. Ago ni kambi ya njiani, pale wasafiri wanapotua mizigo na kulala. Methali haina aibu wala mapambo: usinye ulipolala, kwa sababu safari ina kwenda na kurudi, na hata usiporudi wewe, atakuja mwingine mwenye mzigo kama wako. Ni maadili ya mpagazi. Ni maadili ya mvuvi aliyekwenda dago na anayejua mwakani upepo utamleta palepale. Hakuna popote ndani yake panaposema kwamba ago ni tupu. Kinyume chake, ago lina watu hata pale usipowaona. Wengine wameshaondoka, wengine hawajafika.

Kinachochekesha ni kwamba Wamarekani wanaitii nusu ya kwanza kwa ukali kutushinda. Ukishuka Colorado ndani ya Grand Canyon, kinyesi chako unasafiri nacho, ndani ya chombo kilichofungwa barabara, mpaka mwisho wa safari. Moto unawashwa juu ya sinia la chuma na majivu yanabebwa. Mkojo unaenda mtoni moja kwa moja, maana mto ni mkubwa na fukwe ni ndogo, na wote wakikojoa mchangani hapatalalika. Sawa kabisa. Nawavulia kofia, na ningependa baadhi ya fukwe zetu zijaribu hata robo ya hayo.

Ila wameikata methali katikati. Wamebaki na "halinyewi", wakatupa "huenda ukarejea". Wanafuta nyayo zao ili anayefuata naye adanganyike kwamba hakuna aliyewahi kupita. Usafi huo unalinda mandhari, halafu unalinda na hadithi ya utupu.

Na huo mchanga wanaolalia, hebu tuuulize umetoka wapi. "Colorado" kwa Kihispania ni kitu chenye rangi nyekundu. Mto uliitwa hivyo kwa sababu ya matope yake. Leo, ukianza safari Lees Ferry, kilomita kama 25 chini ya bwawa la Glen Canyon, unakuta maji ya kijani, masafi, baridi ya kukausha meno. Matope yamebaki nyuma ya ukuta wa zege wenye urefu wa mita 216. Fukwe zinazoliwa na maji hazipati mchanga wa kutosha wa kuzijenga upya, hivyo zinapungua. Tangu 1996 wakuu wa bwawa wamekuwa wakifungulia mafuriko ya makusudi, mara mojamoja, ili mchanga kidogo uliopo upande juu na kutengeneza fukwe. Isitoshe, maji hupanda na kushuka ndani ya siku moja kufuata mahitaji ya umeme wa miji ya mbali. Msafiri akifunga boti lake jioni bila kulifikiria hilo, asubuhi atalikuta limekaa juu ya mchanga mkavu kama kiboko aliyekufa.

Yaani kitanda chake cha "primitive" kimetandikwa na wahandisi, na kinapimwa kwa viyoyozi vya watu asiowajua. Sioni ubaya wa mtu kulala hapo. Naona ubaya akiamka na kuniandikia kwamba amelala nje ya historia.

Mtasema Edward Abbey aliyajua yote haya. Kweli, aliyajua. Desert Solitaire, kitabu chake cha 1968 ambacho wapenzi wa fasihi ya nyika wanakishika kama msahafu, kina sura ndefu kuhusu safari yake ndani ya Glen Canyon mwaka 1959, wakati bwawa likiwa tayari linajengwa. Machi 1963 milango ikafungwa. Kufika 1980 ziwa lilikuwa limejaa, na karibu kilomita 300 za korongo zikawa chini ya maji, pamoja na makazi na michoro ya watu wa kale. Hasira ya Abbey ilikuwa halali, na bado inaunguza ukurasa.

Lakini soma tena uone kinachozama. Kinachozama ni pepo ya mtu mmoja. Ardhi ya upande wa kusini wa maji yale ni ya Wanavajo. Rainbow Bridge, lile daraja la mwamba analolifuata kwa miguu, kwao ni mahali patakatifu. Kwingineko kitabuni Abbey anawaandika Wanavajo na umaskini wao. Akishaingia mtoni wanasogezwa pembeni, na mbele anabaki yeye na rafiki yake, wawili peke yao duniani. Si ajabu kwamba miaka ya 1980 aliandika waziwazi kutaka wahamiaji kutoka Mexico wazuiwe mpakani. Mtu aliyelilia mto kwa sababu umezuiwa hakuona tatizo kutaka watu wa upande wa chini wa mto huohuo wazuiwe.

Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba mkataba wa 1868 hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia Wanavajo maji. Katika ardhi yao zipo familia nyingi ambazo nyumbani hazina bomba. Maji wanayafuata kwa gari, wanayabeba kwenye mapipa, wanayatumia kwa hesabu. Wao wanaishi "primitive" mwaka mzima, bila bahati nasibu, na hakuna anayeliita jambo hilo uhuru.

Hapa kuna atakayeniambia: dada, punguza. Mtu amechoka na foleni, amechoka na bosi, anataka siku nne za kusikia maji yakipita. Lazima kila kitu kiwe mahakama na mikataba? Hapana, si lazima. Alale, afurahi, hata shajara aandike akitaka. Ila akichapisha, ameshaniita nikae kwenye moto wake, nami nina haki ya kuuliza kuni alizitoa wapi. Na si kweli kwamba kujua kunaua furaha. Ellen Meloy aliandika Raven's Exile, kilichotoka 1994, kuhusu Desolation Canyon kwenye mto Green, unaomwaga maji yake Colorado. Mume wake alikuwa askari wa mto huo, kwa hiyo walishuka na kurudi, wakashuka tena. Kitabu kina mzaha, kina mapenzi, na kina mabwawa ndani yake. Natalie Diaz, mshairi wa Kimojave aliyekulia kando ya Colorado, alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2021 kwa Postcolonial Love Poem. Humo mto hautazamwi kama mandhari. Ni mwili wa watu wake. Hawa wawili hawafanani kwa lolote isipokuwa hili: hakuna kati yao anayeandika kama abiria.

Hili linatuhusu, wasomaji wenzangu, kwa sababu mtindo wa abiria unaigika kirahisi. Una msamiati mdogo na hauhitaji kuuliza mtu swali. Kesho kijana wetu atapiga hema kando ya Ewaso Ng'iro, kaskazini mwa Kenya, wakati wa ukame. Ataona visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa mto, na atatuandikia kuhusu "upweke mkuu wa nyika" kana kwamba visima hivyo vilijichimba. Kiswahili hakina sababu ya kumsaidia kudanganya. Lugha iliyobeba ago na dago, lugha ya watu waliolala njiani kwa kazi na wakarudi njia ileile, haiwezi kuazima macho ya mtu anayepita mara moja.

Machi 2014, kwa makubaliano ya Marekani na Mexico, maji yalifunguliwa pale mpakani yashuke kwenye mkondo uliokuwa umekauka kwa miaka mingi. Yaliendelea kwa muda wa wiki nane hivi. Yalipofika San Luis Río Colorado, mji wenye jina la mto lakini usio na mto, watu walishuka na familia zao. Walipiga muziki, na watoto wakaingia majini kwenye mchanga ambao walikuwa wakiujua mkavu tu. Mwezi Mei maji yakaigusa bahari. Kisha malango yakafungwa.

Kitabu ninachokitaka ni cha mtu aliyelala pale usiku mmoja wa wiki hizo, akarudi mwaka uliofuata akakuta vumbi, na akatandika turubai lake palepale, akawauliza majirani maji yalikwenda kwa nani.